Sekunde Mbili za Isanga

Shija aliponiomba nimjazie kitabu cha saa kwa siku kumi na mbili ambazo hakuwepo kituoni, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilikuwa nimekaa barazani kwenye nyumba yetu ya kazi, mtaa wa Cheyo mjini Tabora, natafuna matobolwa aliyoniletea kutoka kwao, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu, nikamjibu mdomo ukiwa umejaa, "Usijali, nitakuwekea sawa." Hakunitisha wala hakunihonga. Aliniomba kama rafiki anavyomwomba rafiki, nami nikakubali bila kufikiri. Kwa miaka mingi nimejaribu kutafuta mtu wa kugawana naye lawama hiyo, na sijampata. Mwezi uliopita binti wa Bwana Ambakisye, aliyekuwa mkuu wetu wa kazi, alinipigia simu kutoka Tukuyu kunijulisha kwamba baba yake amefariki, na kwamba siku zake za mwisho aliulizia watu wa Tabora, nami nikiwa mmojawapo. Nilimpa pole, nikakata simu, nikakaa. Nimeona niuandike mwaka ule niliofanya kazi kwake kabla sijaondoka na mimi, kwa sababu ndio mwaka nilioufurahia kuliko yote niliyopewa, na niliuharibu mwenyewe.

Bwana Ambakisye alikuja Tabora akiwa na gari moja bovu, mashine nne za kupima mitetemo ya ardhi, na swali moja. Magharibi ya mji wetu, ukishapita Urambo na kukunja kaskazini, kuna vilima vitatu vidogo vinavyoitwa Igwisi. Ukiviona hutashtuka, ni vifupi na vina nyasi kama vingine, lakini vilizaliwa na volkano. Watu wa huko walikuwa wakisikia ardhi ikitikisika mara kwa mara, vyombo vikilia kabatini, kuku wakiruka. Yeye alitaka kujua mitetemo ile inaanzia wapi hasa. "Tetemeko likianzia chini ya kilima cha volkano, karibu na juu, hiyo ni habari moja," alituambia siku ya kwanza. "Likianzia kilomita kumi na tano pembeni, tena chini sana, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kazi yenu ni kunisaidia nisizichanganye." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na hesabu nilikuwa naziweza. Alinipa karatasi moja yenye mistari ya wino iliyotetemeka, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona mistari imepanda na kushuka mara mbili, mara ya kwanza kidogo, mara ya pili sana. Akasema, "Njoo kesho saa moja."

Nyumba ya Cheyo ilikuwa ya Mama Zuhura, mjane aliyekaanga vitumbua uani na kutupangisha vyumba viwili vya nyuma. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, ramani iliyojaa ukuta mzima, bikari, rula, na kitanda cha Bwana Ambakisye. Cha pili kilikuwa cha mashine. Tulivunja sakafu yake nyekundu ya saruji, tukachimba mpaka mwamba, tukaweka mashine huko chini isiguse nyumba. Juu yake pipa dogo lilizunguka polepole limevikwa karatasi, na kalamu ikichora juu yake mchana na usiku. Hata hivyo nyumba haikuacha kujiandika. Baada ya wiki chache niliweza kuisoma siku nzima ya Mama Zuhura kwenye karatasi: hapa ametwanga kisamvu, hapa ameburuta gunia la mkaa, hapa mgeni mnene amekuja. Nilipomwambia alishika kiuno. "Kwa hiyo hata nikienda chooni serikali inajua?" Bwana Ambakisye akamjibu kwa upole wake, "Inajua, mama, lakini haijui ni choo cha nyumba gani. Kwa hilo inahitaji mashine tatu." Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo akawa anapaza sauti kabla ya kutwanga: "Nyie wa matetemeko, nitwange au nisubiri?"

Alitufundisha wakati wa chakula. Treni ya Kigoma ilileta migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, Mama Zuhura aliiunga kwa nyanya na karanga, na katikati ya ugali Bwana Ambakisye alisukuma sahani pembeni akaanza kuchora mezani kwa kidole chenye mchuzi. Tetemeko, alisema, hutuma wajumbe wawili kwa pamoja. Wa kwanza ana mbio, wa pili ni mzito. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo wa pili anavyozidi kuachwa nyuma. Ukipima pengo kati yao unajua tetemeko liko umbali gani, lakini hujui liko upande gani, basi unachora duara. Vituo vitatu, maduara matatu, yanapokutana ndipo penyewe. "Kwenye kitabu ni rahisi hivyo," alisema. "Kwenye miamba ya volkano yule wa pili mara nyingi anafika amechoka, kajificha kwenye kelele, humwoni. Unabaki na wa kwanza peke yake. Na wa kwanza hana maana kama hujui amefika saa ngapi." Mjumbe yule hukimbia kama kilomita sita kwa sekunde moja. Saa ya kituo ikikosea sekunde moja, umelihamisha tetemeko kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba sekunde moja inaweza kubeba kijiji. Namshukuru kwa hilo mpaka leo, kwa sababu tangu wakati huo sijaona kitu chochote kuwa kidogo mno kupimwa.

Kulikuwa na tatizo lililomsumbua. Vituo vyetu vitatu, Cheyo, Usoke na Urambo, vilikuwa kwenye reli, na reli ile inafuata karibu njia ileile waliyopita wapagazi wa misafara kwenda Ujiji. Mama Zuhura alikuwa akisimulia habari za wapagazi hao kana kwamba walipita jana mlangoni pake, na Bwana Ambakisye alimsikiliza huku akitikisa kichwa mbele ya ramani. "Babu zenu walinyoosha njia vizuri mno," alimwambia. "Vituo vyangu vimekaa mstari mmoja kama askari. Vikiwa mstari mmoja, siwezi kujua tetemeko liko kaskazini ya njia au kusini." Kwa sababu hiyo kituo cha nne kiliwekwa nje ya mstari, kaskazini, chini kabisa ya vilima, katika kijiji ambacho nitakiita Isanga. Hicho ndicho kilichoamua kila kitu, na mtunzaji wake alikuwa Shija.

Shija alikuwa rika langu, mrefu, mcheshi, mwana wa mkulima wa tumbaku aitwaye Mzee Mihambo. Kila Jumamosi ya pili alikuja Tabora kwa treni na bunda la karatasi za wiki mbili, akamwamkia Bwana Ambakisye shikamoo kwa magoti nusu, akapokea marahaba yake, kisha akaja kwangu kunikejeli. "Wewe unakula migebuka mjini, mimi nalala na mashine kama mke." Kazi yake ilikuwa kubadilisha karatasi kila asubuhi, na kila siku saa saba mchana kusikiliza milio ya saa redioni kabla ya taarifa ya habari, kuigonga kwa kitufe ili ijiandike kwenye karatasi, na kuandika kitabuni saa ya mashine imetangulia au imechelewa kiasi gani. Kwa kazi hiyo alipewa redio. Ilikuwa redio nzuri, yenye mfuko wa ngozi, na pale Isanga hapakuwa na nyingine kama hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka wajomba zake walipeleka ng'ombe wa mahari Nzega, na bwana harusi alitakiwa aonekane. Alimwachia dada yake kazi ya kubadilisha karatasi, na dada yule aliifanya vizuri kabisa, hakukosa hata siku moja. Lakini Shija aliondoka na redio. Alikwenda nayo kwa wakwe. Alinisimulia mwenyewe pale barazani, anacheka na kuona aibu kwa pamoja: "Ningeingiaje kwa watu mikono mitupu, bwana? Baba mkwe aliiweka mapajani siku zote. Kila taarifa ya habari anainua kidole, wote kimya. Walisema huyu kijana ana kazi." Aliporudi alisikiliza milio, akakuta saa ya mashine imechelewa sekunde mbili na zaidi kidogo. Kabla ya kuondoka ilikuwa imechelewa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Katikati, siku kumi na mbili tupu. "Mzee akiona hivi atanifukuza," alisema. "Wewe hesabu unazijua." Ndipo nikasema usijali.

Nilifanya hivi. Nilichukulia kwamba saa imechelewa kidogo kidogo, kila siku sawa, nikagawanya zile sekunde mbili kwa zile siku. Kisha nikafanya jambo linaloniumiza zaidi nikilikumbuka: sikuziacha namba zipande sawasawa. Niliipa siku hii kubwa kidogo, siku ile ndogo kidogo, ili zionekane zimepimwa na mtu. Nilibadilisha hata kalamu mara mbili. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Katika siku ya tatu na ya nne ya zile siku tupu, ardhi ilikuwa imetetemeka mara nyingi kuliko mwaka mzima. Bwana Ambakisye alirudi kutoka safari, akaona karatasi, akafurahi kama mtu aliyeletewa mtoto. Tulisoma siku mbili, mimi natamka, yeye anaandika. Yule mjumbe wa pili, kwenye karatasi za Isanga, alikuwa amefunikwa na kelele isipokuwa mahali pachache. Bwana Ambakisye alipofika pachache pale alipima, akapima tena. "Pengo hili linasema tetemeko liko mbali na Isanga," alisema. "Lakini saa inasema liko chini ya miguu yao." Akanigeukia. Nakumbuka jua lilikuwa likiingia dirishani na vitumbua vinanukia uani. "Saa ya Isanga, una uhakika nayo? Mbona imechelewa haraka hivi?"

"Betri ilikuwa inaisha, mzee," nilisema. "Nina uhakika."

Akaniamini. Sikumsikia akisita hata kidogo. Alichukua penseli, akaamini saa kuliko pengo, kwa sababu pengo lilikuwa na shaka na mimi sikuwa na shaka. Alama zilianguka moja baada ya nyingine chini ya vilima vya Igwisi, karibu na juu, zimesongamana. Aliweka penseli chini, akasema kwamba hawezi kukaa na habari kama hiyo kimya. Jioni ile aliandika kwa wakubwa, akasaini. Alipomaliza aliniambia kuna nafasi ya masomo ya kazi hii kwa mwaka unaofuata, na kwamba jina atakalopeleka ni langu.

Familia zilizokuwa chini ya vilima ziliambiwa ziondoke. Kilikuwa kipindi ambacho tumbaku imeiva. Anayeijua kazi hiyo anaelewa: majani yakishaingia kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, moto unachungwa siku baada ya siku, huwezi kuuacha, na yale ya shambani hayakusubiri. Waliacha mabani na moto wake, wakaacha majani yakigeuka manjano kwenye mashina, wakaenda kulala kwenye madarasa ya kijiji kingine mvua ikinyesha. Mzee Mihambo aliondoka wa mwisho. Nasikia alirudi mara mbili kuchochea moto, akatolewa.

Shija alikuja Cheyo siku ambayo si Jumamosi yake. Hakuleta karatasi. Alinivuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo za Mama Zuhura, akaniuliza, "Zile siku ulizijazaje?"

"Nilizigawanya. Kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo?" Alisukuma pembeni shuka iliyokuwa imeanikwa kati yetu. "Mimi nilibadilisha betri asubuhi ile naondoka. Nilishasikiliza milio ya jana yake, nikaona betri imechoka, nikaweka mpya nikakimbilia gari. Nilipoitoa ya zamani saa ilisimama kidogo, ikabaki nyuma palepale. Ilikuwa sekunde mbili tangu siku ya kwanza, ndugu yangu. Siku zote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Ng'ambo ya ukuta tulimsikia Mama Zuhura akibishana na muuza mkaa. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani: siku ya tatu nilikuwa nimeongeza karibu nusu sekunde mahali pa mbili. Sekunde moja na nusu. Kilomita tisa, kumi. Saa iliyochelewa huandika kwamba mjumbe amewahi, na mjumbe aliyewahi huonekana ametoka karibu. Nilikuwa nimeyavuta yale matetemeko kwa mkono wangu, nikayalaza chini ya nyumba ya baba yake. Shija alisema, "Twende tukamwambie sasa hivi." Nikamwambia angoje. Nikamwambia tutafukuzwa wote, na nitatafuta namna. Alinitazama, akasema, "Tumbaku haingoji." Akaondoka. Alidhani, naamini hivyo, kwamba siku mbili zingenitosha.

Nilingoja siku ishirini na moja. Barua ya masomo ilikuwa haijafika, na kila asubuhi nilijiambia ikishafika nitasema. Nilikula migebuka, nilisoma karatasi, nilicheka Mama Zuhura alipochekesha. Shija aliacha kuja. Karatasi zilikuja kwa mkono wa konda wa treni. Siku ya ishirini na moja Bwana Ambakisye alikuwa anakula mchana, akaniambia kwa furaha kwamba barua imejibiwa, nimekubaliwa. Sijui ni kwa nini furaha yake ndiyo iliyonivunja. Nikamwambia yote, nimesimama, naangalia ramani.

Alinawa mikono taratibu, akaifuta. "Siku ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee."

"Sikuulizi hizo. Umejua kwa siku ngapi?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Alivuta kiti, akaniambia nilete karatasi zote za Isanga, na tukaanza upya, mimi na yeye. Tuliitupa saa ya kituo kile, tukabaki na mapengo machache yaliyoonekana, tukachora maduara kwa bikari, na sekunde mbili alizosema Shija tulizitumia kama shahidi wa pili. Matetemeko yalitoka chini ya vilima, yakaenda magharibi, yakatulia chini sana ya bonde lisilo na watu. Kila alama ilipohama alisema "ndiyo" kwa sauti ndogo. Aliniongoza kwa subira ileile ya siku ya kwanza, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba penseli haitakiwi kuweka nukta. Inatakiwa iweke duara dogo kuizunguka, kuonyesha mahali ambapo huenda umekosea. "Mtu asiyechora duara," alisema, "anadai anajua asichokijua." Siku hizi mjukuu wangu ananionyesha tetemeko kwenye simu yake kabla vyombo havijaacha kulia, saa inatoka kwenye setilaiti angani, hakuna anayegonga milio. Lakini humo pia huandika kwamba wanaweza kuwa wamekosea kilomita kadhaa. Nikiona maneno hayo huwa najisikia niko na mwalimu wangu.

Wakubwa walimfuata Cheyo. Nilikuwa chumba cha mashine, nikawasikia kupitia ukutani. Sauti nzito iliuliza, "Nani aliyekosea?" Na yeye akajibu, "Ripoti ina saini moja. Ni yangu." Sauti ikasema kuna watu wamepoteza msimu mzima. Akasema anajua, na ndiyo maana ameandika masahihisho upesi. Hakulitaja jina langu, wala la Shija. Kazi yake ya Igwisi ilifungwa kabla ya mwaka kuisha, na mashine zikapakiwa kwenye treni.

Mimi alinibakiza mpaka siku ya mwisho, na mpaka siku ya mwisho alinifundisha. Ila barua ya masomo aliiandika upya, akalitoa jina langu. Aliniita aniambie mwenyewe. "Sikukomoi," alisema. "Kukosea hesabu ningekusamehe na kukupeleka. Lakini ulizifanya zile namba zifanane na kweli. Sasa nikiangalia kazi yako siwezi kujua ipi umeiona na ipi umeitunga." Kisha akanipa mkono na kuniambia, "Tukuyu ni mbali, lakini kuna njia. Karibu nyumbani." Aliniandikia mara mbili baadaye, barua za kuniuliza hali na kunisalimia Mama Zuhura. Namshukuru kwa mwaka mmoja wa kutazamwa kama mtu anayeweza kujua jambo. Wengi wanaondoka duniani bila kuupata.

Nimefanya kazi ya karani wa ghala maisha yangu yote, na nimelea wanangu vizuri. Silalamiki. Lakini niseme wazi. Familia za Isanga zilipoteza msimu wa tumbaku, na Mzee Mihambo hakulima tumbaku tena. Shija hakuweza kumaliza ng'ombe wa mahari waliobaki, binti wa Nzega akaolewa na mwingine, na Shija hajanisemesha tangu siku ile nyuma ya nyumba. Nikimkuta Urambo anavuka barabara. Mimi nilipoteza kazi pekee niliyowahi kuipenda. Na barua mbili za Bwana Ambakisye sikuzijibu, kwa aibu, na kwa aibu hiyohiyo sikwenda Tukuyu, mwaka hadi mwaka, mpaka akafa akiniulizia.